Goti Linapouma: Mwongozo kwa Wanaofanya Mazoezi, Kuanzia Siku ya Kwanza Hadi Kurudi Uwanjani

Watu wanaopenda mazoezi hulikosea goti kwa njia mbili. Wapo wanaolifunga bandeji, wakameza dawa na kuendelea kukimbia mpaka siku wanaposhindwa kushuka ngazi. Wengine likiwauma mara moja tu wanaacha kila kitu, wanakaa miezi bila kusogea, misuli ya paja inanywea, na siku wakirudi goti linauma kuliko mwanzo. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili wanajiumiza bure. Maumivu mengi ya goti kwa mtu mwenye mazoezi yanatokana na mzigo uliozidi uwezo wa goti kwa wakati huo. Dawa yake ni kupunguza mzigo kwa muda, kuongeza nguvu, kisha kurudisha mzigo kidogo kidogo huku ukisoma goti linavyojibu. Kabla ya hapo, lakini, kuna magoti ambayo hayapaswi kusubiri hata siku moja, nayo ndiyo ya kuanza nayo.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Goti lililovimba, lenye moto ukiligusa, jekundu au linalong'aa, huku una homa au unatetemeka kwa baridi, lichukuliwe kuwa na maambukizi ndani ya kiungo mpaka daktari aseme vinginevyo. Bakteria wanaweza kuharibu gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache tu. Usilichue na usilale nalo hadi kesho.

Goti lililohama mahali pake, yaani mfupa wa muundi umeachana na mfupa wa paja, ni dharura hata kama limerudi lenyewe. Nyuma ya goti unapita mshipa mkuu wa damu unaolisha mguu wote wa chini, na goti likihama hivyo mshipa unaweza kuchanika. Ukiona unyayo umepoa, umepauka au umekufa ganzi, nenda hospitali papo hapo.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kujifanyia mwenyewe baada ya kuanguka au kutua vibaya: lala chali, kaza paja, nyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka. Ukishindwa kabisa kuunyanyua, huenda kano ya juu au ya chini ya pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, imekatika, au pia yenyewe imevunjika. Majeraha hayo hutengenezeka vizuri zaidi yakiwahiwa, na nimesikitika mara nyingi kuona mtu amekaa nalo wiki kadhaa akiambiwa ni msuli tu umeshtuka.

Mengine ya kuwahisha ni goti lililokwama lisikunjuke hadi mwisho, na kigimbi cha upande mmoja kilichovimba na kuuma, hasa baada ya mguu kufungwa plasta au kufanyiwa operesheni, kwani damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa. Ikiongezeka shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura ya kupoteza maisha. Maumivu yanayokuamsha usiku bila sababu, au uvimbe mgumu kwenye mfupa, nayo yachunguzwe mapema.

Kwa watoto niweke neno la pekee. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti, wakati goti lenyewe halina uvimbe wala halimuumi likibonyezwa, apimwe nyonga. Maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini, na kwa vijana walio katika umri wa kukua haraka kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake. Wazazi wengi hawalijui hili, na kuchelewa kunagharimu nyonga.

Kuhusu eksirei, si kila goti lililogongwa linahitaji picha. Madaktari hutumia kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada miaka ya 1990. Mtu mzima aliyeumia goti apigwe eksirei akiwa na lolote kati ya haya: ana miaka 55 au zaidi, anaumia akibonyezwa juu ya pia ya goti na hapo peke yake, anaumia kwenye kile kichwa cha mfupa mwembamba kilicho upande wa nje, chini kidogo ya goti, hawezi kukunja goti kufikia nyuzi 90, au hakuweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, mara tu alipoumia wala alipofika hospitali.

Hatua ya 2: Siku tatu za mwanzo

Jambo la kwanza ni kuangalia saa. Watu hukumbuka vizuri jinsi walivyoanguka na kusahau goti lilivimba saa ngapi, ilhali hilo ndilo daktari atakalolihitaji sana. Goti linalofura ndani ya saa mbili hivi mara nyingi limejaa damu, na hapo hushukiwa kukatika kwa ligamenti iliyo katikati ya goti (ligamenti ni utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa), kuvunjika kwa mfupa au kuhama kwa pia. Linalovimba polepole na kuonekana kesho yake huelekeza zaidi kwenye meniskasi, zile gegedu mbili zinazokaa kati ya mifupa na kupokea kishindo. Andika saa, andika pia kama ulisikia mlio wa kukatika na kama uliweza kuendelea kucheza.

Kisha lipumzishe goti, lakini si kwa kulala kitandani. Siku mbili tatu acha kukimbia, kuruka na kugeuka kwa ghafla. Ukichechemea, tumia magongo. Kutembea kwa kuchechemea kunamfundisha mtu mwendo mbaya ambao hubaki hata maumivu yakiisha. Funga bandeji ya kuvutika isiyobana sana, na ukikaa weka mguu juu kuliko usawa wa moyo. Mara kadhaa kwa siku kaza paja na ukunje na kukunjua goti kadiri linavyoruhusu.

Barafu inatuliza maumivu, na kwa ajili hiyo itumie: dakika 10 hadi 15, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ili isiunguze ngozi. Usidhani inaponya. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 ndiye aliyeeneza kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua, baadaye alisema wazi kuwa barafu na mapumziko ya kupita kiasi vinaweza kuchelewesha kupona. Maji ya moto, kuchua kwa nguvu na pombe viache kwa siku hizo tatu, kwa kuwa vinaweza kuongeza damu na uvimbe.

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zina kazi yake, ila si za mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mjamzito bila kuzungumza na daktari. Na nakuomba sana usimeze dawa ili uweze kucheza mechi. Maumivu ndiyo kipimo pekee ulicho nacho uwanjani, na ukikizima unacheza gizani.

Uvimbe unaweza kuupima mwenyewe kila asubuhi. Kaa kitandani mguu umenyooka, paja limelegea. Tazama upande wa ndani wa pia ya goti, utaona kibonde kidogo. Kwa kiganja, sukuma ngozi ya upande huo kutoka chini ya goti kuelekea juu ya paja, mara mbili au tatu, kibonde kikauke. Sasa pitisha mkono upande wa nje, kuanzia juu kushuka. Kibonde cha ndani kikijaa tena na kutuna, ndani ya kiungo bado kuna maji. Kisipojaa, uko salama upande huo. Kipimo hiki kitakufaa hadi siku ya mwisho ya mwongozo huu, hivyo jizoeze kukifanya ukilinganisha na goti lako lisilouma.

Hatua ya 3: Tafuta linauma wapi

Weka kidole kimoja pale panapouma zaidi. Ukiweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, tayari umepiga hatua kubwa. Ukilazimika kuzungusha kiganja kizima juu ya goti, hiyo nayo ni habari.

Anayezungusha kiganja mara nyingi ana maumivu ya pia ya goti. Linauma mbele, kwa ndani ndani, mtu asioneshe hasa ni wapi. Linazidi akishuka ngazi, akichuchumaa, au akikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, kama kwenye basi. Ni tatizo la kawaida mno kwa wakimbiaji na wasichana wanamichezo. Haliharibu goti, lakini lisipotibiwa kwa mazoezi linaweza kukaa miaka. Goti likilia pasipo maumivu wala uvimbe, uliache lilie. Mlio peke yake si ugonjwa.

Kidole kikitua kwenye ncha ya chini ya pia, palepale kano inapoanzia, na maumivu yakaamka ukiruka au ukianza mazoezi kisha yakapungua ukipata moto, hiyo ni kano ya pia. Inawapata sana wachezaji wa mpira wa wavu na wa kikapu. Kwa kijana wa miaka 10 hadi 15 kidole hushuka zaidi, hadi kwenye kinundu cha mfupa wa muundi, na kinundu chenyewe huwa kimevimba. Hapo kano inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Tatizo huisha ukuaji ukikamilika, na kijana hahitaji kuacha michezo yote, apunguziwe tu kuruka na kukimbia kwa kasi.

Upande wa nje, juu kidogo ya mstari wa kiungo, ni kwa mkimbiaji aliyeongeza kilomita au anayekimbia miteremko. Huanza safi, akifika dakika fulani linachoma, akisimama linatulia, na kesho linachoma dakika ileile. Ni ule mkanda mpana wa nyuzi unaotoka nyonga hadi chini ya goti.

Kwenye mstari wenyewe wa kiungo, ndani au nje, kwa mtu aliyejipinda mguu ukiwa umekanyaga chini, fikiria meniskasi, hasa goti likiwa linakwama au kunasa. Upande wa ndani baada ya kugongwa kutoka nje, kama mchezaji aliyeangukiwa mguuni, mara nyingi ni ligamenti ya ubavuni mwa goti upande wa ndani, ambayo kwa bahati nzuri hupona yenyewe katika hali nyingi bila operesheni.

Kisha kuna ACL, ligamenti ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana msalaba katikati ya goti, jina ambalo kila shabiki wa soka amelisikia. Wengi hudhani hukatika kwa kuchezewa rafu. Sehemu kubwa ya majeraha yake hutokea bila mtu kuguswa: mchezaji anafunga breki ghafla, anageuka, au anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani, mlio unasikika, na goti linajaa haraka. Baada ya wiki chache maumivu yanaisha, anajiona amepona, lakini akijaribu kugeuka goti linamwachia. Wanawake wako hatarini zaidi kuliko wanaume katika michezo ileile, na kwa hiyo mazoezi ya kinga ya Hatua ya 9 nayaona kuwa haki yao, si hiari ya kocha.

Hatua ya 4: Kama hukuanguka, tafuta kilichobadilika

Goti lililoanza kuuma bila ajali lina sababu yake kwenye wiki mbili hadi sita zilizopita. Kaa na kalamu. Uliongeza umbali? Uliongeza siku? Ulihamia kwenye vilima, kwenye lami, kwenye nyasi bandia? Ulirudi mazoezini baada ya ugonjwa au likizo ukaanza pale ulipoishia? Viatu vipya? Usingizi umepungua? Mara nyingi jibu liko kwenye karatasi hiyo kabla hujafika kwa mtaalamu yeyote.

Mwili hauzoei kwa kasi moja. Pumzi na moyo hujengeka haraka, kano na mifupa huchelewa. Kwa hiyo mkimbiaji mpya wiki ya tano anajihisi ana nguvu za kwenda mbali, wakati kano zake bado ziko wiki ya pili. Ni kama kuongeza ghorofa juu ya zege ambalo halijakauka. Ukishajua kilichobadilika, kirudishe nyuma hadi kiwango ambacho goti lilikuwa halilalamiki, si hadi sifuri.

Mkimbiaji ana njia nyingine ya kupunguza mzigo bila kuacha kukimbia: afupishe hatua na kuziongeza idadi. Hesabu hatua zako kwa dakika moja ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, kisha uongeze kati ya asilimia 5 na 10. Aliyekuwa na hatua 160 aende kwenye 168 hadi 176, kasi ikibaki ileile. Mguu utatua karibu zaidi na mwili, na goti litapokea kishindo kidogo. Mara ya kwanza utajisikia wa ajabu, kisha utazoea.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma maumivu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Pima maumivu kwa sifuri hadi 10, sifuri ikiwa hakuna na 10 ikiwa hayavumiliki. Wakati wa zoezi, sifuri hadi 2 ni salama. Kuanzia 3 hadi 5 kunakubalika, mradi yasizidi kadiri unavyoendelea. Juu ya 5, punguza uzito, punguza kina cha kukunja, au acha zoezi hilo kwa siku hiyo.

Hukumu kamili, hata hivyo, hutolewa kesho yake asubuhi. Ukiamka, shuka ngazi chache au chuchumaa kidogo, halafu fanya kile kipimo cha maji. Goti likiwa sawa na jana asubuhi au bora zaidi, mzigo wa jana ulikuwa halali. Likiwa limekakamaa zaidi, limevimba, au linauma kuliko jana, ulizidisha. Hujaharibu kitu; pumzika siku moja na urudi kwenye kiwango cha kabla ya hapo. Mtu mwenye kano ya pia ndiye anayehitaji kanuni hii kuliko wote, maana kano humdanganya: ikipata moto haiumi, anacheza hadi mwisho, na bili huja kesho.

Hatua ya 6: Jenga nguvu

Goti lenyewe haliwezi kukazwa. Linalokazwa ni paja mbele na nyuma, makalio, misuli ya pembeni mwa nyonga, na vigimbi. Vikiwa dhaifu, goti linapokea kisicho chake.

Anza na mazoezi yasiyosogeza kiungo. Viringisha taulo, liweke chini ya goti, kaza paja ukilikandamiza taulo kwa sekunde 5, uachie. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Hili ni la goti lililo bado na uvimbe, kwa sababu maji yakiwa ndani ya goti ubongo huuzuia msuli wa mbele wa paja usifanye kazi sawasawa. Maumivu yakitulia, egemea ukuta na ushuke kana kwamba unakalia kiti, kwa kina kisichouma, ukae hapo sekunde 30 hadi 45, mara 5, ukipumzika dakika moja au mbili katikati. Kwa wenye kano ya pia, zoezi hili mara nyingi hupunguza maumivu palepale.

Ukiweza hayo, ingia kwenye ya kusogea, siku tatu kwa wiki, seti tatu za mara 8 hadi 12. Kaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, ukishuka kwa sekunde tatu. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio. Likiwa jepesi, tumia mguu mmoja. Lala ubavu na unyanyue mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia kidogo nyuma, mpaka uhisi moto pembeni mwa nyonga na si mbele ya paja. Simama kwa ncha za vidole, kwanza miguu miwili, baadaye mmoja. Ukimaliza seti na kuona ungeweza kufanya mara nyingine 6, zoezi limeshakuwa jepesi, ongeza uzito. Watu wengi hufanya mazoezi ya goti kwa wepesi uleule miezi mitatu kisha wanasema hayasaidii.

Kuna zoezi moja ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu, nalo ni kushuka kipandio. Simama juu ya kipandio chenye kimo cha sentimita 15 hivi mbele ya kioo, mguu mbovu juu, mzima ukining'inia mbele. Shuka taratibu hadi kisigino cha mguu mzima kiguse sakafu kidogo tu, kisha upande. Usitazame kisigino, tazama goti kwenye kioo. Je, linaelekea kidole cha pili cha mguu, au linaingia ndani kuelekea goti jingine? Na kiuno je, upande mmoja unadondoka? Wengi wataona goti linaingia ndani kwa kutetemeka, na ghafla wanaelewa kwa nini linauma wakishuka ngazi. Usilikemee goti, kaza kalio, lisukume nyuma kidogo kama unayetaka kukaa, egemeza kifua mbele kidogo, na ushuke nusu tu ya kimo. Kimo kiongezwe pale tu goti linaposhuka bila kuyumba mara 10 mfululizo.

Jipe wiki 6 hadi 12 kwa maumivu ya pia ya goti. Kano ya pia huhitaji miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi, na kuharakisha hakutaifupisha. Kwa miezi ya mwanzo unaweza kuendelea na baiskeli yenye kiti cha juu, kuogelea kwa mateke ya kunyooka, au kutembea, alimradi kanuni ya asubuhi inakubali. Tepu na soksi ya goti hutuliza kwa muda na kumpa mtu ujasiri wa kufanya mazoezi. Vitumie hivyo, visichukue nafasi ya mazoezi.

Hatua ya 7: Ukienda kwa mtaalamu

Goti lililovimba haraka baada ya kuumia, linaloachia, linalokwama, au ambalo halijabadilika baada ya wiki 6 za mazoezi ya kweli, lipelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa. Nenda na ile karatasi ya saa ya uvimbe na ile ya mzigo. Mikono ya mtaalamu mzoefu na masimulizi yako hutoa jibu mara nyingi kabla ya kipimo chochote.

MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ni kipimo kizuri, ila huona mengi kuliko yanayouma. Watu wa makamo wasio na maumivu hata kidogo hukutwa na meniskasi iliyochanika. Kwa hiyo usiogope maneno ya ripoti; muulize daktari kama kilichoonekana kinalingana na mahali panapouma. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walichapisha jaribio ambalo watu wa miaka 35 hadi 65 wenye meniskasi iliyochakaa na kuchanika, bila goti kuchakaa, waligawanywa: wengine walikatwa sehemu iliyochanika, wengine walifanyiwa operesheni ya kuiga tu. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mchaniko wa kijana aliyejipinda uwanjani ni jambo jingine, na unaokwamisha goti mara nyingi huhitaji kushonwa.

Hata ACL si lazima kila mtu apasuliwe papo hapo. Jaribio la Sweden lililotolewa mwaka 2010, lenye vijana na watu wazima 121 wenye kupenda michezo, lilikuta kwamba walioanza na mazoezi wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye walifikia hali ileile na waliopasuliwa mapema, na zaidi ya nusu yao hawakuhitaji kisu ndani ya miaka miwili. Anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka-geuka, au ambaye goti linamwachia hata akitembea, ana sababu nzuri ya kupasuliwa. Katika hali zote mbili mazoezi ya kabla ya operesheni huleta goti zuri zaidi baadaye.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kano ya pia ikatae mpaka uelezwe vizuri, kwani inaweza kudhoofisha kano na kuikaribisha kukatika. Na ukiambiwa goti limeanza kuchakaa, usidhani umepigwa marufuku kukimbia. Wanaokimbia kwa kujifurahisha hawana magoti yaliyochakaa kuliko wanaokaa. Takwimu zinaelekea upande wa pili. Mwenye uzito uliozidi ana dawa nyingine mkononi: kila kilo anayopunguza inaliondolea goti karibu kilo nne za mzigo kwa kila hatua.

Hatua ya 8: Rudi kwa ngazi

Usianze kukimbia kabla hujaweza kutembea dakika 30 kwa kasi bila goti kubadilika asubuhi yake, na kushuka kipandio mara 10 bila kuyumba. Anza kwa mchakamchaka wa dakika moja, kutembea dakika moja, mara 10, siku moja ndani ya mbili. Goti likipita mtihani wa asubuhi mara mbili mfululizo, ongeza dakika za kukimbia na upunguze za kutembea. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye, vilima mwisho.

Kwa mchezaji wa mpira ngazi huendelea: kukimbia kwa mstari, kisha kugeuka kwa upole, kisha kusimama ghafla, kisha kuruka na kutua, kisha mazoezi na wenzake bila kugongana, ndipo mechi. Kabla ya mechi pima kuruka mbali kwa mguu mmoja. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mzima, na utue bila goti kuingia ndani. Aliyetengenezewa ACL asirudi mechini kabla ya miezi 9, hata ajisikie vipi. Utafiti wa wachezaji wa Norway ulionyesha kuwa, hadi kufikia mwezi wa 9, kila mwezi mmoja wa kusubiri ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa goti kuumia tena. Kocha akikuharakisha, mwonyeshe hesabu hiyo.

Hatua ya 9: Liweke kinga kwenye ratiba

Kwa timu, kinga bora ninayoijua ni ule utaratibu wa kupasha misuli uitwao 11+, uliotengenezwa na FIFA pamoja na wataalamu wa Oslo na wenzao. Unachukua dakika 20 hivi, hauhitaji zaidi ya mpira na vikoni: mchakamchaka wa kugeuka, mazoezi ya kiuno na paja, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua, kisha mbio za kasi. Timu zinazoufanya angalau mara mbili kwa wiki zimeonekana kupunguza majeraha kwa kiwango kikubwa, wasichana na wavulana. Kocha asiye na dakika 20 aanze na mambo mawili. La kwanza ni kutua: wachezaji waruke na kutua kwa miguu miwili, kisha mmoja, magoti yamekunjwa na yakielekea vidole, bila kishindo cha kusikika. La pili ni misuli ya nyuma ya paja: mchezaji apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, naye ajilaze mbele polepole kadiri awezavyo kabla ya kujidaka kwa mikono. Mara 3 hadi 5 tu kwa wiki ya kwanza, kwa sababu maumivu ya misuli yake siku ya pili ni makali, na anayeanza na 12 hatarudi kulifanya tena.